Kobalti na Habari ya Uongo Ndani ya Seli

Komuni ya Annexe imeuzunguka mji wa Lubumbashi karibu pande zote. Komuni nyingine sita, yaani Lubumbashi yenyewe, Kamalondo, Kenya, Katuba, Kampemba na Ruashi, zimekaa katikati, na mji unapopanuka ni Annexe inayopokea watu: Kasapa, Kalebuka, Luwowoshi, Kasungami. Kiangazi kikiingia, udongo mwekundu wa barabara zisizo na lami hugeuka vumbi, na vumbi la hapa lina zaidi ya udongo. Tangu Union Minière ianze kuyeyusha shaba hapa mwaka 1911, mji umeishi na madini yake hewani, ardhini na majini, na palipo na shaba ya Katanga aghalabu pana kobalti. Mwaka 2009 kundi la watafiti wakiongozwa na Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, chuo ambacho kampasi yake ya Kasapa iko Annexe, pamoja na Benoit Nemery wa Leuven huko Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo wa watu 351 wa kusini mwa Katanga. Kwa wale walioishi chini ya kilomita 3 kutoka mgodini au kiwandani, wastani wa kobalti ulikuwa mikrogramu 15.7 kwa kila gramu ya kreatinini. Mtu wa kawaida, mahali pasipo migodi, huwa chini ya 1. Zaidi ya nusu ya wakazi hao walivuka 15, kiwango ambacho nchi za viwanda humpima nacho mfanyakazi wa kobalti, si mama anayefagia uwanja wake. Watoto ndio waliozidi. Waandishi walisema wazi kwamba hakuna raia wa kawaida popote duniani waliowahi kupimwa wakakutwa na kobalti kiasi hicho.

Swali linalofuata ni kobalti hiyo inafanya nini ikishaingia mwilini, na jibu linalotolewa kwa haraka ni kwamba ni sumu, na sumu huharibu. Jibu hilo si la uongo, ila halifiki mbali. Linachukulia kwamba dhara la metali yoyote mwilini ni dhara la kuvunja: kitu kilikuwa kizima, metali ikaja, ikakivunja, na kadiri metali inavyozidi ndivyo vinavyovunjika vingi. Katika sura hii natetea wazo jingine. Kobalti, kwa viwango vya chini kuliko vile vinavyoua seli, hufanya kazi kama habari ya uongo. Huiambia seli kwamba oksijeni imepungua ilhali oksijeni ipo, na seli, kwa utii wake wote, huanza kupanga upya protini zake za upumuaji ili kuishi katika upungufu ambao haupo. Wazo hili likiwa kweli, namna tunavyopima hatari ya watu wa Annexe, hasa watoto wao, itabidi ibadilike.

Ili kuona tofauti kati ya kuvunja na kudanganya, tuanze na sumu ambayo kweli huvunja, na ambayo Kongo inaijua kwa uchungu. Mihogo michungu isiyolowekwa vizuri hubaki na viini vinavyozaa sainaidi tumboni. Mwaka 1938 daktari Giovanni Trolli alieleza ugonjwa wa konzo katika nchi ya Kwango, magharibi ya Kongo, ambapo watu wazima na watoto walipooza miguu ghafla. Ugonjwa huo umeonekana baadaye Msumbiji na Tanzania pia, kila mara palipo na njaa, ukame au vita, watu wanapofupisha siku za kuloweka mihogo. Namna konzo inavyoharibu mishipa ya fahamu haijafunguka yote, lakini kitendo cha sainaidi yenyewe kinajulikana: hujibana kwenye chuma kilichomo ndani ya kundi la nne la protini za mitokondria, pale pale oksijeni inapotakiwa kushika, na upumuaji wa seli unasimama. Hapo hakuna udanganyifu. Ni mlango uliofungwa kwa nguvu.

Mitokondria ni vyumba vidogo vilivyomo ndani ya karibu kila seli yetu, na katika utando wao wa ndani kuna mnyororo wa makundi makubwa ya protini. Elektroni zinazotoka kwenye chakula hupokezwa kutoka kundi moja hadi jingine mpaka zinapokutana na oksijeni katika kundi la nne na kutengeneza maji. Njiani, nguvu yake hutumika kusukuma protoni upande mmoja wa utando, na protoni hizo zinaporudi kupitia kundi la tano ndipo ATP, nishati ya seli, inapotengenezwa. Peter Mitchell alilitoa wazo hilo mwaka 1961, akakataliwa na wengi, na mwaka 1978 akapewa Tuzo ya Nobel. Kwa muda mrefu vitabu vya shule viliuchora mnyororo huu kama tanuru: tia mafuta, tia hewa, upate moto. Picha hiyo imetufaa, lakini imetuficha jambo moja kubwa. Tanuru la kampuni ya madini ya Gécamines halibadilishi matofali yake kwa sababu ya habari iliyosikika mjini. Mitokondria hufanya hivyo kila siku.

Wanaweza kufanya hivyo kwa sababu protini zao hazina chanzo kimoja. Mitokondria wana DNA yao ndogo, na katika binadamu DNA hiyo ina maelekezo ya protini 13 tu, zote za mnyororo huu. Zilizobaki, na ni nyingi sana, huandikwa katika kiini cha seli, hutengenezwa nje, kisha huingizwa ndani. Kundi la kwanza peke yake lina vipande 45, saba vikiwa vya DNA ya mitokondria. Kundi la nne lina vitatu vya ndani, na vingine vyote vya kiini. Kundi la pili halina hata kimoja cha ndani. Basi kila kundi ni mradi wa pande mbili, na mradi wa pande mbili hauendi bila mawasiliano. Mwaka 1998 katika maabara ya Bruce Spiegelman huko Boston iligunduliwa protini ya PGC-1α, ambayo mwili unapopata baridi, au msuli unapofanya kazi, huamsha jeni za kiini zinazojenga mnyororo na kuhimiza DNA ya mitokondria izalishe sehemu yake. Homoni ya tezi ya shingo hufanya kazi inayofanana na hiyo. Hizi ni amri za polepole, za saa na siku.

Zipo pia amri za haraka. Vimeng'enya viitwavyo kinasi hubandika kipande cha fosfeti juu ya protini, na protini hubadili tabia yake papo hapo. Mwaka 2009 maabara ya Giovanni Manfredi huko New York ilionyesha kwamba ndani ya mitokondria wenyewe kuna mfumo mzima wa namna hii: kaboni dioksidi inayotokana na kuchoma chakula huamsha kimeng'enya kinachotengeneza molekuli ya ujumbe iitwayo cAMP, cAMP huamsha kinasi iitwayo PKA, na PKA hubandika fosfeti kwenye kundi la nne ili lifanye kazi zaidi. Yaani moshi wa jiko ndio unaosema jiko liongezwe nguvu. Maik Hüttemann na wenzake wa Detroit wameonyesha kwamba hata sitokromu c, protini ndogo inayobeba elektroni kati ya kundi la tatu na la nne, hubandikwa fosfeti kwenye moyo, kwenye ini na kwenye figo, kila kiungo mahali pake. Nimeyataja haya ili msomaji aone kwamba amri ya oksijeni, ninayoijia sasa, si jambo la pekee. Ni mojawapo ya amri nyingi, ila ndiyo ambayo kobalti inajua kuiiga.

Seli hujuaje kwamba oksijeni imepungua? Gregg Semenza wa Baltimore aliigundua protini ya HIF-1 mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2001 makundi ya William Kaelin na Peter Ratcliffe yalionyesha jinsi inavyotawaliwa. Watatu hao waligawana Tuzo ya Nobel mwaka 2019. Inafaa tuusogelee utaratibu wenyewe, kwa sababu dhara lote ninaloliongelea limejificha mahali padogo sana. Seli hutengeneza sehemu ya HIF iitwayo alfa bila kukoma, na bila kukoma huiharibu. Penye oksijeni haiishi hata dakika 10. Anayeiandika kwenye orodha ya vitu vya kuharibiwa ni kimeng'enya cha PHD. Katikati ya PHD kuna atomu moja ya chuma, kile chuma cha kawaida kilichomo kwenye damu, imeshikwa na mikono mitatu ya asidi amino. Molekuli ya oksijeni ikija, chuma kile huigawa vipande viwili. Atomu moja hupachikwa kwenye HIF, kwenye asidi amino ya prolini namba 402 au 564. Nyingine huenda kwenye dutu iitwayo 2-oksoglutareti, ambayo inatoka kwenye mzunguko wa Krebs, yaani mitokondria wenyewe. HIF iliyopachikwa oksijeni hutambuliwa na protini ya VHL na kupelekwa kuharibiwa. Oksijeni ikikosekana, hakuna cha kupachika, HIF inabaki hai, inaingia kwenye kiini, na inaanza kutoa amri.

Amri zake kwa mnyororo wa upumuaji ndizo zinazonivutia zaidi. Mwaka 2007 maabara ya Semenza ilionyesha kwamba HIF huamsha jeni mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza hutengeneza toleo la pili la kipande kimoja cha kundi la nne, kipande cha COX4. Ya pili hutengeneza LON, kimeng'enya cha ndani ya mitokondria kinachokata protini, nacho huenda kulimeng'enya toleo la kwanza la COX4. Toleo moja linang'olewa, jingine linawekwa. Kundi la nne lenye toleo la pili linafaa zaidi oksijeni ikiwa chache, na seli iliyonyimwa mabadiliko haya ilitoa haidrojeni peroksaidi kwa wingi zaidi, yaani kemikali kali inayoguguna DNA na mafuta ya utando. Mwaka mmoja kabla, maabara mbili tofauti zilikuwa zimeonyesha kwamba HIF huamsha pia kinasi ya PDK1, inayofunga njia ambayo sukari iliyovunjwa hupitia kuingia mitokondria, na seli ikaanza kutegemea uchachu wa laktiki badala ya upumuaji. Baadaye ikaonekana kwamba HIF hupunguza nguvu ya kundi la kwanza, na kwamba inaweza kuamuru mitokondria wazima wamezwe na seli. Mbele ya upungufu wa kweli, haya yote ni busara. Seli inapunguza matumizi kabla ya kukosa kabisa.

Kobalti inaingia hapa. Mwaka 1988, kabla HIF haijajulikana hata kwa jina, Mark Goldberg na Franklin Bunn huko Boston waliweka kobalti kwenye seli za saratani ya ini zilizokuwa na oksijeni ya kutosha, nazo zikatoa erithropoietini, homoni inayohimiza chembe nyekundu za damu, kana kwamba zimepelekwa mlimani. Tangu hapo kobalti klaraidi imekuwa njia ya kila siku ya maabara kuidanganya seli kwamba imekosa hewa. Inadanganyaje? Kobalti inafanana na chuma kwa umbo na chaji kiasi cha kushika nafasi yake katikati ya PHD, lakini ikiwa pale kazi ya kupachika oksijeni haifanyiki. Kobalti pia humaliza vitamini C ndani ya seli, nayo vitamini C ndiyo inayokitunza chuma cha PHD katika hali ya kufanya kazi. Na kuna ushahidi kwamba huweza kujishikiza kwenye HIF yenyewe na kuizuia VHL isiitambue. Njia tatu, matokeo ni yaleyale: oksijeni ipo, seli haiamini kwamba ipo. Madaktari wa miaka ya 1950 walitumia athari hii kama dawa bila kujua undani wake. Waliwapa wagonjwa wa upungufu wa damu vidonge vya kobalti, na damu iliongezeka kweli.

Msomaji makini atanisimamisha hapa. Maabara, atasema, humwagia seli kobalti ya mikromole 100 kwa lita au zaidi. Mikrogramu 15 kwa lita ya mkojo ni takriban robo ya mikromole moja. Tofauti ni mara mia nne, na katika damu kiasi huwa pungufu zaidi. Kilichoonekana kwenye sahani ya maabara kinahusikaje na mtoto wa Kalebuka? Pingamizi hili ni zito na lina ushahidi wa watu nyuma yake. Watafiti wa Marekani waliwapa watu wazima 10 waliojitolea miligramu 1 ya kobalti kila siku kwa takriban miezi mitatu. Kobalti katika damu yao ilipanda sana, lakini chembe nyekundu hazikuongezeka kwa namna ya kutisha. Watafiti wa Ubelgiji waliwapima wafanyakazi zaidi ya 200 wa kiwanda cha kobalti, hawakuona damu kuzidi wala tezi ya shingo kuyumba. Anayetaka kusema kwamba kobalti ya Lubumbashi inabadilisha mitokondria wa wakazi wake lazima apite mbele ya watu hao kwanza.

Mimi napita kwa hoja mbili, na ya pili ndiyo yenye uzito. Ya kwanza ni kwamba wastani wa kobalti katika mkojo wa wafanyakazi wale wa Ubelgiji ulikuwa chini ya ule wa raia wa Katanga wanaoishi karibu na viwanda. Kiwanda kina vinyago, mabafu, nguo za kazi zinazobaki kazini, na zamu inayoisha. Mtaa hauna zamu inayoisha. Ya pili ni kwamba watu wale wote walikuwa wazima, na yaelekea walioshiba, wenye chuma cha kutosha mwilini, na tumekwisha kuona kwamba udanganyifu wa kobalti unafanyika kwenye kiti cha chuma. Kobalti na chuma huingia mwilini kupitia mlango mmoja wa utumbo, kisafirishi kiitwacho DMT1. Mtu mwenye upungufu wa chuma huongeza milango hiyo ili akamate chuma kila kinapopita, na kobalti huingia pamoja nacho kwa wingi. Hilo limepimwa kwa binadamu. Ikishaingia, inakuta chuma kichache cha kushindana nacho. Sasa fikiria mtoto mwenye minyoo, aliyetoka kuugua malaria, anayekula bukari (ugali) na sombe (majani ya mihogo), nyama kwa nadra. Kiasi kilekile cha kobalti ambacho kwa mtu mzima wa Leuven ni mnong'ono, kwake kinaweza kuwa sauti kamili. Kipimo kinachouliza kobalti ngapi bila kuuliza chuma ngapi kimeacha nusu ya swali.

Historia inaunga mkono kwamba kiasi peke yake hakisemi kila kitu. Katikati ya miaka ya 1960 viwanda vya bia katika nchi kadhaa vilitia kobalti kidogo ili povu lisitoweke. Huko Quebec, Kanada, kati ya 1965 na 1966, wanywaji wakubwa wa bia walianza kuugua moyo uliovimba na kushindwa kusukuma damu, na takriban 20 walikufa. Walikuwa wakipata miligramu chache kwa siku, pungufu ya kile walichopewa wagonjwa wa damu, ambao kwa kawaida mioyo yao haikupatwa na hali hiyo. Tofauti iliyotajwa na wengi ni kwamba wanywaji wale walikula vibaya, wakiwa na upungufu wa protini na wa vitamini B1, na moyo wao ulikuwa tayari umelemewa na pombe. Kobalti ilikuta mitokondria wasio na akiba. Moyo ndio kiungo kinachotegemea upumuaji wa seli kuliko karibu vyote. Ukiambiwa upunguze matumizi ilhali kazi haijapungua, hauna pa kukimbilia. Sisemi kwamba HIF peke yake iliwaua watu wa Quebec. Inadhaniwa kwamba kobalti ilizuia pia vimeng'enya vya kuingiza sukari kwenye mzunguko wa Krebs. Lakini angalia jinsi njia hizo mbili zinavyokutana mahali pamoja: PDK1, ambayo HIF inaiamsha, hufunga mlango uleule.

Pingamizi jingine linatoka upande tofauti. Wakazi wa Katanga, linasema, hawapokei kobalti peke yake. Vipimo vya 2009 vilionyesha pia aseniki, kadimiamu, risasi na urani juu ya kawaida. Kwa nini kuichagua kobalti? Nakubali mchanganyiko huo, na nakubali kwamba ushahidi wa hapa nyumbani bado hautoi hukumu safi. Utafiti wa Lubumbashi uliochapishwa mwaka 2020 katika The Lancet Planetary Health ulilinganisha watoto wachanga 138 waliozaliwa na kasoro za mwili zinazoonekana na wengine 108 wasio nazo. Kazi ya baba katika madini iliongeza uwezekano wa kasoro takriban mara tano na nusu. Lakini kobalti ya mama, iliyokuwa juu kwa wote, haikutenganisha makundi mawili. Wenye kupenda majibu mepesi wataliona hilo kama kuisafisha kobalti. Mimi naona jambo moja zaidi la kuzingatia: ikiwa kina mama wote wawili, wa mtoto mwenye kasoro na wa mtoto asiye nayo, wana kobalti nyingi, kulinganisha kiasi cha kobalti hakuwezi kuonyesha tofauti kubwa, na kinachobaki kutofautiana ni mwili ulioipokea. Huko Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako wachimbaji walitoboa mashimo kati ya nyumba baada ya kobalti kugunduliwa mwaka 2014, kundi lilelile la Lubumbashi na Leuven lilikuta watoto wenye kobalti nyingi na alama za DNA iliyoguswa na kemikali kali za oksijeni. Mnyororo wa upumuaji uliopangwa vibaya ni mojawapo ya vyanzo vya kemikali hizo. Si chanzo pekee, na utafiti ule haukukipima. Lakini ndipo pa kutazama.

Pingamizi la mwisho ndilo linalonipa kazi kubwa zaidi, kwa sababu linageuza hoja yangu dhidi yangu. Kama HIF ni mfumo wa kulinda, na kama kubadilisha COX4 kunapunguza kemikali kali, je, kobalti haimkingi mtu? Zipo tafiti za wanyama ambamo kobalti kidogo iliwasaidia kustahimili ukosefu wa hewa. Jibu liko katika neno habari. Ulinzi unalinda pale tu unapolingana na hatari. Anayeishi juu ya milima ya Andes ana oksijeni pungufu kweli, na hata kwake kuitikia kupita kiasi ni ugonjwa: damu inakuwa nzito, kichwa kinauma, moyo unalemewa. Katika mji wa madini wa Cerro de Pasco, Peru, mita zaidi ya 4,000 juu ya bahari, baadhi ya waliougua hivyo walikutwa na kobalti katika damu. Watu wa Tibet, ambao wamekaa juu kwa maelfu ya miaka, wameteuliwa na maumbile kuwa na jeni zinazopunguza mwitikio huo. Maumbile yenyewe yametoa uamuzi kwamba kuitikia kwa nguvu na kwa muda mrefu kuna gharama. Lubumbashi iko kwenye takriban mita 1,200, na oksijeni hapa inatosha. Seli ya Annexe inayojipanga kwa maisha ya mlimani inalipa gharama bila kupata faida, na mtoto anayekua anailipa katika ubongo na misuli inayohitaji ATP nyingi kuliko wakati wowote mwingine wa maisha.

Kinachofuata kutoka hoja hii kinaweza kufanywa kwa vifaa vilivyopo. Watoto wanaopelekwa kupimwa uzito na kuchanjwa katika vituo vya afya vya Annexe wanaweza kupimwa kobalti ya mkojo na feritini ya damu, yaani kipimo cha akiba ya chuma, kwa pamoja, kwa mtoto yuleyule, na hemoglobini yake ikaangaliwa kwa jicho jipya. Mtoto mwenye chuma kidogo kwa kawaida huwa na hemoglobini ya chini; akiwa na kobalti nyingi huenda damu yake ikasukumwa juu, na daktari akamwona mzima ilhali nguvu mbili zinamvuta kinyume. Hemoglobini ya kawaida isihesabiwe kuwa ushahidi wa afya hapa mpaka feritini isomwe kando yake. Kuhusu mitokondria wenyewe, chembe nyeupe za damu zinaweza kuonyesha kama toleo la pili la COX4 na PDK1 zimeamshwa, na hiyo ni kazi ambayo chuo kikuu cha Kasapa na washirika wake wanaweza kuibeba, kwa kuwa mtandao wa utafiti uliozaa vipimo vya 2009 umekwishajengwa.

Kuziba njia ya kobalti kuingia mwilini hakuhitaji kusubiri maabara. Mwaka 2014 watafiti wa Lubumbashi na Leuven walionyesha kwamba watu wazima wa Katanga huipata zaidi kwa chakula, na kwamba kwa watoto vumbi wanalolimeza lina sehemu kubwa, kwa sababu mtoto hucheza chini na kutia mikono kinywani. Malori ya madini yafunikwe turubai na barabara zinazopita katikati ya makazi zimwagiwe maji kiangazi chote. Mifuko ya mawe ya madini isihifadhiwe ndani ya nyumba wala kuoshwa kwenye mto unaomwagilia mboga. Kila mtoto wa maeneo haya atibiwe minyoo na apewe chuma anachokosa, kwa ushauri wa daktari na baada ya kupimwa, kwa kuwa chuma kinachotolewa ovyo mahali penye malaria kina hatari yake. Wenye migodi, komuni, na wizara za afya na mazingira za Haut-Katanga wanazo namba za mkojo tangu 2009. Watoto waliopimwa mwaka ule sasa ni watu wazima, na wengine wana watoto wao.